Rangi ya Kigari

Usione vyaelea, vimeundwa. Hata kigari cha kuchezea kinachotosha kiganjani kimeundwa, na kila sehemu yake, rangi ikiwamo, ina mtu aliyeiamua. Nitatoa mfano wa Aston Martin DB5 ya Corgi Toys ya mwaka 1965.

Corgi ilikuwa chapa ya kampuni ya Mettoy, iliyoanza kuuza vigari hivyo mwaka 1956 kutoka kiwanda chake cha Swansea, Wales. Zinki iliyochanganywa na alumini kidogo iliyeyushwa, ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Ilipopoa, bodi ilitoka nzima, tayari kupakwa rangi. Mwaka 1964 ilitolewa filamu ya James Bond iitwayo Goldfinger, ambamo mpelelezi huyo aliendesha gari la rangi ya fedha, lenye bunduki mbele na kiti cha kumrusha abiria nje. Mwaka uliofuata Corgi ilitoa kigari chenye vitu hivyo vyote, ila rangi yake ilikuwa ya dhahabu. Sababu ilikuwa ya kibiashara: ilihofiwa kwamba rangi ya fedha ingefanana na zinki tupu, mnunuzi akadhani kigari hakijapakwa rangi. Toleo la rangi ya fedha lilikuja mwaka 1968.

Mpwa wangu anacho kimoja cha lile toleo la kwanza, alichoachiwa na marehemu baba yake. Rangi imebanduka pembezoni na juu ya paa. Akijua kwamba napenda kazi za namna hiyo, aliniletea nikipake rangi ya fedha, “kiwe sahihi, mjomba.” Kazi yenyewe si kubwa. Ribiti za chini hutobolewa kwa kekee, bodi ikatenganishwa na kitako. Rangi ya zamani huondolewa kwa dawa, bodi ikaoshwa na kukaushwa. Kisha hupakwa rangi ya msingi, na rangi mpya ikapulizwa kwa matabaka membamba, kila moja likiachwa likauke. Siku mbili tatu zatosha.

Hata hivyo nilimuuliza: sahihi kwa kipimo gani? Gari kuu lililotumika katika filamu ile lilikuwa la majaribio la kiwanda cha Aston Martin, na hapo awali lilikuwa jekundu. Lilipakwa rangi ya fedha kwa ajili ya filamu. Kwa hiyo rangi tunayoiita ya asili nayo ilipakwa juu ya nyingine, na hakuna aliyelalamika.

Sisemi, basi, kwamba kubadili rangi ni dhambi. Kitu cha kuchezea si msahafu. Lakini dhahabu ile ni ushahidi wa hofu ya wafanyabiashara wa mwaka 1965, na pale ilipobanduka ni ushahidi wa mtoto aliyekiburuza kigari sakafuni mpaka zinki ikaonekana. Mtoto huyo alikuwa baba yake. Tukiufuta ushahidi huo, tutabaki na kigari kinachofanana na filamu, kisichotueleza tena lolote juu ya waliokitengeneza wala juu ya aliyekichezea. Mpwa wangu alikubali shingo upande. Nikakiosha kwa maji na sabuni, nikamrudishia.

Wapo wenye vigari ambavyo rangi imekwisha kabisa, nao wana haki ya kuvipaka upya kama wapendavyo. Ombi langu kwao ni dogo. Waache alama ya rangi ya zamani upande wa ndani wa bodi, na kabla ya kufunga kitako waweke kikaratasi chenye maneno machache: rangi iliyokuwapo, rangi iliyopakwa, na mwaka. Atakayekifungua kigari hicho miaka hamsini baadaye atajua kimepitia nini.