Ramani ya Msimbo: Ilitoka Wapi?

Programu yako imekwama. Kivinjari kinakuambia kosa liko mstari wa 1, herufi ya 48,213. Utaanzia wapi?

Mwaka wa 2009 Google ilitoa Closure, kompaila ya kubana JavaScript ili ipakuliwe upesi. Majina marefu yaligeuzwa herufi moja moja, mistari ikaunganishwa. Kurasa zilipata kasi, lakini msimbo haukusomeka tena. Dawa ilikuja pamoja nayo: faili ya ramani inayoonyesha kila kipande kilichobanwa kilitoka faili gani, mstari gani. Tatizo ni kwamba ramani za kwanza zilikuwa na ukubwa wa takriban mara 10 ya msimbo uliobanwa.

Mwaka wa 2011 John Lenz wa Google na Nick Fitzgerald wa Mozilla, kampuni zenye vivinjari vinavyoshindana, waliandika toleo la 3. Hesabu yake ni rahisi: usiandike nafasi nzima, andika tofauti yake na nafasi iliyotangulia. Badala ya 48,213, unaandika 7. Ramani ikapungua sana.

Desemba 2024 ramani hiyo ikawa kiwango rasmi, ECMA-426. Basi ukitatua hitilafu leo, iwe kwa Chrome au Firefox, ramani unayotumia ni ile ile moja.