Vijue viambato vya vipodozi kabla ya kuvipaka mwilini

MNUNUZI wa losheni katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam husoma kwanza upande wa mbele wa kopo: jina la kipodozi, picha ya mwanamke mwenye uso mwororo na ahadi ya ngozi laini ndani ya siku saba. Upande wa nyuma, wenye maandishi madogo, wengi huupita bila kuutazama.

Hata hivyo, ni upande huo wa nyuma unaoeleza kile ambacho mnunuzi analipia. Picha na ahadi ni kazi ya watu wa matangazo, wakati orodha ya viambato huwekwa kwa matakwa ya sheria.

Kwa utaratibu unaofuatwa katika nchi nyingi, viambato huorodheshwa kulingana na uzito wake, kilicho kingi kikitangulia. Ndiyo maana katika losheni nyingi neno la kwanza ni 'aqua', yaani maji. Viambato visivyofikia asilimia moja vinaweza kupangwa kwa mpangilio wowote mwishoni mwa orodha, na mara nyingi humo ndimo huonekana kile kilichotangazwa kwa herufi kubwa mbele ya kopo. Losheni inayojinadi kwa asali inaweza kuwa na asali kidogo kuliko manukato.

Ngozi ni ukuta

Tabaka la nje kabisa la ngozi ni la seli zilizokufa, zilizopangana kama matofali. Katikati yake kuna mafuta yanayoziunganisha mithili ya chokaa. Ukuta huo huzuia maji ya mwili yasipotee na vijidudu visiingie. Seli hizo hubanduka na nafasi yake kuchukuliwa na nyingine zinazotoka chini, safari ambayo kwa kijana huchukua takriban wiki nne. Kwa hesabu hiyo pekee, ahadi ya siku saba ina walakini.

Sabuni kali na maji ya moto huondoa chokaa hiyo, maji hutoroka na ngozi hupauka. Kazi ya losheni na mafuta mengi ni kurekebisha hali hiyo kwa njia tatu: kuvuta maji, kujaza nyufa na kuziba juu ili maji yasitoke.

Katika kundi la kuvuta maji, kiambato kikongwe ni glisirini. Mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, aliipata mwaka 1779 alipochemsha mafuta ya zeituni pamoja na oksidi ya risasi. Leo huuzwa katika maduka ya dawa kwa bei nafuu, na wanawake wengi wa Pwani huichanganya na maji ya waridi. Kuichanganya ni jambo la busara, kwani glisirini tupu hunata na, kwenye hewa kavu, inaweza kuvuta maji kutoka ndani ya ngozi badala ya kuyatoa hewani.

Ndugu yake wa kisasa, mwenye bei kubwa zaidi, ni asidi ya hayaluroniki. Karl Meyer na John Palmer waliitenga mwaka 1934 mjini New York kutoka katika macho ya ng'ombe. Kiambato hicho hushika maji mengi na kuifanya ngozi ionekane imejaa, lakini molekuli zake za kawaida ni kubwa na hubaki juu ya ngozi. Mwenye kipato kidogo hapotezi mengi akibaki na glisirini yake.

Mafuta ya mgando nayo hudharauliwa kwa sababu ni rahisi na hayana harufu. Asili yake ni nta iliyokuwa ikiganda kwenye mitambo ya visima vya mafuta huko Pennsylvania, Marekani, ambayo Robert Chesebrough aliisafisha na kuipatia hataza mwaka 1872 kwa jina la Vaseline. Hadi sasa ni vichache vinavyoyashinda katika kuzuia maji yasipotee kwenye ngozi. Kwa kuwa hayaongezi maji yenyewe, hufaa kupakwa mara baada ya kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu. Kwa mkazi wa Njombe au Makete wakati wa baridi, hayo yanaweza kutosha. Katika joto la Dar es Salaam, hasa usoni, huwa mazito mno kwa wengi.

Vivyo hivyo kwa mafuta ya nywele. Yakishuka hadi kwenye paji la uso huweza kuleta vipele vidogo vinavyofuata mstari wa nywele, ambavyo mhusika huhangaika kuvitibu kwa sabuni bila kujua chanzo chake kiko kichwani.

Nazi, zeituni na alizeti

Mafuta ya mimea yana sifa nzuri mitaani, na baadhi yake inastahili. Mafuta ya nazi, ambayo karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, hulainisha ngozi kavu na hupunguza baadhi ya bakteria. Mwenye chunusi ajihadhari nayo usoni, kwani huweza kuziba vinyweleo.

Yanayoshangaza wengi ni mafuta ya zeituni. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2013, ulihusisha watu wazima waliopakwa mafuta hayo mkononi kwa wiki kadhaa. Ilibainika kuwa yalidhoofisha ukuta wa ngozi, wakati mafuta ya alizeti yaliuacha salama. Tofauti inahusishwa na asidi za mafuta: zeituni ina asidi nyingi ya oleiki, ambayo huvuruga mpangilio wa chokaa ile, na alizeti ya kawaida ina asidi nyingi ya linoleiki, ambayo ngozi huitumia kuijenga.

Kabla ya hapo, mwaka 2005, jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha matokeo kutoka hospitali moja mjini Dhaka, Bangladesh, yaliyoonyesha kuwa watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi machache kuliko ambao hawakupakwa. Ieleweke kwamba hayo yalifanyika chini ya uangalizi wa madaktari. Si ruhusa ya kumpaka mtoto mchanga mafuta ya kupikia. Lakini kwa nchi inayolima alizeti Singida na Dodoma, ni jambo la kutafakari kuona chupa ndogo ya zeituni kutoka ng'ambo ikiheshimiwa kuliko zao la nyumbani.

Chunusi na madoa

Viambato vingine huingia ndani zaidi na kubadili mwenendo wa ngozi. Asidi ya salisiliki, ambayo katika vipodozi huwa kati ya asilimia 0.5 na 2, huyeyuka katika mafuta, hivyo huweza kupenya kwenye vinyweleo na kulegeza uchafu ulioziba humo.

Kwa ngozi nyeusi, adha kubwa mara nyingi huwa ni doa linaloachwa na chunusi, ambalo hudumu miezi mingi baada ya chunusi yenyewe kutoweka. Hapa niasinamaidi, aina ya vitamini B3, imeonyesha manufaa, kwani hupunguza kasi ya melanini, ile rangi ya ngozi, kupita kwenda kwenye seli za juu. Haichubui, na wengi huivumilia bila muwasho. Ni vitamini ileile ambayo upungufu wake mwilini huleta pelagra, ugonjwa unaokwangua ngozi za watu wanaoishi kwa mahindi matupu.

Vitamini C nayo hupunguza madoa na husaidia utengenezaji wa kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Tatizo lake ni kuharibika upesi kwa mwanga, joto na hewa. Chupa iliyokaa juani kwenye meza ya mchuuzi, na maji yake yakawa ya kahawia, imekwisha kazi hata kama tarehe yake haijafika.

Retinoli, iliyo katika jamii ya vitamini A, ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi dhidi ya makunyanzi. Ndugu yake mkali, tretinoini, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1971 kutibu chunusi. Vyote viwili hutumiwa usiku, kwa kuanza na kiasi kidogo, na mjamzito hushauriwa kuviepuka kabisa.

Kwa upande mwingine, ndimu na limau vinavyopakwa usoni kama tiba ya asili havipaswi kuwekwa katika kundi hili. Maji yake ni makali mno kwa ngozi, na ndimu ikipigwa na jua juu ya ngozi huweza kuunguza na kuacha doa jeusi kuliko lile lililokuwa likitibiwa.

Madoa hayo pia hukolezwa na jua. Melanini huipa ngozi nyeusi kinga kubwa kuliko ya ngozi nyeupe, lakini haitoshi kuzuia madoa. Oksidi ya zinki na titaniamu dioksaidi hukinga miale hiyo, ingawa huacha weupe ambao wengi hawaupendi. Kwa mtu mwenye ualbino hilo si suala la urembo, kwa kuwa kinga hiyo humwepusha na saratani ya ngozi. Ndiyo sababu losheni ya Kilisun ilianza kutengenezwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, kwa ajili ya kundi hilo.

Visivyoandikwa

Hatari kubwa zaidi iko kwenye krimu za kujichubua na kwenye mkorogo, mchanganyiko ambao hauna orodha yoyote ya viambato. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi. Usimamizi wake, uliokuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), ulihamishiwa Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019.

Zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, na weupe huonekana haraka. Lakini hupenya hadi kwenye damu, hudhuru figo na neva, na humfikia mtoto aliye tumboni. Mvuke wake huweza kuwaathiri hata wanafamilia ambao hawajawahi kuigusa krimu hiyo. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuiondoa hata nafasi hiyo ndogo ifikapo 2025.

Kwenye kopo zebaki huweza kujificha kwa majina kama 'calomel' au 'mercurio', au isitajwe kabisa. Dalili mojawapo ni onyo la kutogusanisha krimu na pete au mkufu wa dhahabu, fedha au alumini. Kipodozi kinachoogopa pete kina jambo la kujibu.

Haidrokwinoni nayo ina historia ndefu. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini walieleza jinsi watumiaji wa muda mrefu walivyopata ngozi ngumu yenye weusi unaoelekea buluu, hali ambayo ni vigumu mno kuiondoa. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika krimu za ngozi mwaka 2001. Madaktari wa ngozi katika nchi kadhaa bado huitumia, kwa muda maalumu na kwa uangalizi wa karibu.

Steroidi, hasa klobetasoli, ni dawa halali ya magonjwa ya ngozi inayogeuzwa kipodozi. Ikitumika kwa miezi hukondesha ngozi, huacha michirizi isiyofutika, na vidonda huchelewa kupona. Aliyeizoea hapaswi kuiacha ghafla bila kumwona daktari, kwa kuwa ngozi huweza kuwaka, kuvimba na kuwasha kwa wiki nyingi. Wengi hudhani hiyo ni ishara kwamba ngozi yao inaihitaji krimu, wakairudia.

Kwa kipodozi chochote kipya, hata kile chenye orodha safi, hushauriwa kupaka kiasi kidogo ndani ya kiwiko na kusubiri siku mbili kabla ya kukifikisha usoni.