Uso wa Seli na Mteremko wa Ishara: Historia Fupi ya Utafiti wa Bawa la Nzi wa Matunda

Utangulizi

Msafiri anayetoka Mwimbi, katika uwanda wa juu wa Ufipa, na kuteremka hadi Kasanga kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, huhisi joto likiongezeka hatua kwa hatua. Hata akifungwa kitambaa machoni, angeweza kukisia amefika wapi kwa kulipima joto hilo tu. Kwa zaidi ya nusu karne wanabayolojia wamejiuliza iwapo seli changa nazo hutambua mahali zilipo kwa njia kama hiyo, yaani kwa kupima ukolezi wa kemikali unaopungua kadiri chanzo chake kinavyokuwa mbali. Kupungua huko ndiko kunakoitwa mteremko wa ishara. Insha hii inafuatilia historia ya swali hilo katika bawa la nzi wa matunda, Drosophila melanogaster, na inabainisha kuwa umbo la mteremko haliamuliwi na ishara peke yake, bali pia na protini zilizo kwenye uso wa seli zinazoipokea.

Asili ya Nzi

Nzi anayezungumziwa hapa si yule mharibifu wa maembe shambani, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003. Ni yule mdogo zaidi, anayezunguka matunda yaliyoiva kupita kiasi na vyombo vya pombe. Ushahidi wa kijenetiki unaelekeza asili yake kusini mwa Afrika ya kati, hasa Zambia na Zimbabwe, katika ukanda wa misitu ya miombo unaofika pia Rukwa. Mwaka 2018 watafiti walieleza kuwa nzi wa porini huko Matopos, Zimbabwe, huvutiwa sana na matunda ya mng'ongo. Kutoka Afrika alienea duniani akifuatana na binadamu, hata akafika katika maabara ya Thomas Hunt Morgan, New York, ambaye mwaka 1910 alitoa taarifa ya nzi mwenye macho meupe. Kwa kuwa kizazi chake huchukua takriban siku kumi, nzi huyu akawa nguzo ya elimu ya urithi.

Wazo la Mteremko

Mwaka 1969 Lewis Wolpert, mzaliwa wa Johannesburg, alifafanua wazo la mteremko kwa mfano wa bendera ya Ufaransa. Seli zinazopata ishara nyingi huwa za buluu, zinazopata ya wastani huwa nyeupe, na zinazopata kidogo huwa nyekundu. Mwaka uliofuata Francis Crick alikokotoa kuwa kusambaa kwa kawaida kwa kemikali kungetosha kujenga mteremko huo. Mwaka 1988 Wolfgang Driever na Christiane Nüsslein-Volhard walionesha mteremko halisi wa protini iitwayo Bicoid katika kiinitete cha nzi.

Hata hivyo, kiinitete hicho kina viini vingi ndani ya ute mmoja, bila tando za kuvitenganisha. Bawa ni suala jingine. Hutokana na kifuko bapa cha seli ndani ya buu, na kila seli imezungukwa na utando wake. Mwaka 1996 tafiti zilithibitisha kuwa ishara ya Dpp, inayotolewa na ukanda mwembamba katikati ya kifuko hicho, huamsha jeni tofauti kulingana na ukolezi wake. Jeni ya spalt huamshwa karibu na chanzo, na ile ya optomotor-blind hufanya kazi hadi mbali zaidi. Swali likawa: ishara hiyo hupitaje katikati ya seli nyingi kiasi hicho?

Kazi ya Uso wa Seli

Mwaka 1995 Hiroshi Nakato, Scott Selleck na mwenzao walieleza jeni iitwayo dally. Protini yake hushikizwa kwenye uso wa seli na kubeba minyororo mirefu ya sukari. Mwaka 2004 ilidhihirika kuwa Dpp hushindwa kupita kwenye kundi la seli zisizo na minyororo hiyo. Aidha, kipokezi cha Dpp, kiitwacho Thickveins, kinapozidi huinasa ishara karibu na chanzo na kuufupisha mteremko. Dpp yenyewe nayo hupunguza utengenezaji wa kipokezi hicho. Hivyo basi, seli si mpokeaji tu wa ujumbe. Hushiriki kuamua ujumbe utafika wapi.

Hoja hii ina mipaka yake. Mwaka 2014 watafiti wa London walifunga ishara nyingine ya bawa, Wingless, kwenye utando ili isisambae, na bado nzi wakapata mabawa yenye mpangilio karibu na wa kawaida. Kwa hiyo, kanuni iliyothibitika kwa ishara moja haiwezi kuhamishiwa nyingine bila majaribio.

Hitimisho

Uzito wa suala hili unavuka bawa la nzi. Mwaka 1996 ilibainika kuwa hitilafu katika jeni ya GPC3 ya binadamu, iliyo ya ukoo mmoja na dally, husababisha ugonjwa wa Simpson-Golabi-Behmel, ambao huwafanya watoto wakue kupita kiasi. Barani Afrika, utafiti wa mwaka 2016 ulilinganisha nzi wa nyanda za juu za Ethiopia na wa Zambia, ukaona kuwa mabawa makubwa ya wale wa Ethiopia yanatokana na wingi wa seli pamoja na ukubwa wake. Nchini Uganda, mpango wa DrosAfrica umefundisha watafiti kumtumia nzi huyu katika Kampala International University. Mdudu aliyeondoka katika misitu ya Afrika ameanza kuchunguzwa katika bara lake la asili, na swali la jinsi uso wa seli unavyoongoza ukuaji bado halijafungwa.