Orodha ya Waliokataliwa

Mpakani Suam, afisa hutazama cheti cha mpitaji kabla ya kumruhusu kuvuka. Barua pepe nazo zina mlinzi wao. Mwaka 1978 Gary Thuerk wa Marekani aliwapelekea watu karibu 400 tangazo la kompyuta wasiloliomba, na uchafu huo ukazidi hata mwaka 1997 Paul Vixie na wenzake wakaanzisha orodha ya anwani za kompyuta ziutumao. Seva ikiiona anwani iliyomo, huikataa barua mlangoni bila hata kuisoma.

Je, msomaji, orodha hizo zafaa? Zafaa sana, kwani huokoa kazi nyingi. Lakini anwani moja yaweza kutumiwa na wengi: tapeli mmoja akifungiwa, huenda mwalimu wa Kitale asiye na hatia akafungiwa naye, na barua yake ya kuomba kazi isifike. Ndiyo maana watunzaji waadilifu hueleza kosa, na jinsi ya kufutwa orodhani.