Bandari kwa Bandari: Vyombo vya Tanga na Ndoa katika Mwambao wa Waswahili

Historia ya mwambao wa Afrika Mashariki imezoeleka kusimuliwa kwa kufuata pepo za bahari kuu, yaani kaskazi, ambao huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi na ndio uliovileta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi, ambao huanza Aprili na ndio uliovirudisha kwao. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini humsahau nahodha mwenyeji ambaye, kwa mashua au jahazi lake, alikwenda Lamu hadi Malindi, Malindi hadi Mombasa, na Mombasa hadi Pangani, akikusanya nafaka, pembe na boriti za mikoko kabla wageni hawajatia nanga. Msimu mmoja haukumtosha mfanyabiashara wa ng'ambo kupita kila bandari na bado akauwahi upepo wa kurudi. Kilwa, ambayo Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331 baada ya kupita Mogadishu na kulala usiku mmoja Mombasa, ilikuwa karibu na ukomo wa safari ya aina hiyo, na dhahabu ya Sofala, iliyoko kusini zaidi, ilikuwa shurti iletwe Kilwa kwa vyombo vya pwani na kuwekwa hapo ikisubiri wanunuzi.

Safari hizo za karibu zilikuwa na elimu yake. Nahodha wa pwani hakutegemea kaskazi na kusi tu, bali pia umande, yaani upepo wa alfajiri utokao nchi kavu, ambao ulimsaidia kutoka bandarini, na matlai, upepo utokao upande wa bahari, ambao ulimrudisha ufukweni. Upepo ulipomkabili alilazimika kubisha, yaani kukata maji kwa mshazari, mara upande huu mara ule, huku foromali, mti unaobeba tanga, ikizungushwa mlingotini kila chombo kilipogeuzwa, kazi iliyohitaji mikono mingi na ambayo mabaharia waliikwepa kila walipoweza. Kwa kuwa miamba ya matumbawe ni adui wa usiku, wengi walitia nanga jua lilipokuchwa, na hii ni sababu mojawapo ya mwambao kuwa na vituo vingi vidogo ambavyo havikuwahi kuwa miji mikubwa. Kupwa na kujaa kwa maji nako kulikuwa sehemu ya ufundi: chombo kilipandishwa mchangani wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, kisha kikapakwa sifa, ambayo ni mafuta ya papa, na chini yake kikapakwa shahamu, mchanganyiko wa mafuta ya wanyama na chokaa, ili mbao zisiliwe na wadudu. Mtepe, chombo cha visiwa vya Lamu ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi na tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba, ulidumu katika kazi hii hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Hata hivyo, ufundi wa bahari peke yake haukutosha kuiendesha biashara ambayo mnunuzi wake huja mara moja kwa mwaka. Kilichohitajika zaidi kilikuwa mtu wa kuaminika bandarini, na katika mwambao huu mtu huyo mara nyingi alipatikana kwa ndoa. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, tayari unawataja manahodha na mawakala wa Kiarabu waliooa wenyeji na kuijua lugha yao. Karne nyingi baadaye, katika koo za waungwana wa miji kama Lamu, nyumba ya mawe alipewa binti, na mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Mwanaanthropolojia John Middleton alionyesha kwamba mpango huo uliendana na biashara: mgeni alipokelewa kwanza katika daka, ukumbi wa mlangoni, kisha katika sabule, chumba cha wageni, na akiisha kuaminika aliweza kuozwa katika ukoo uliomhifadhia mali. Waandishi kadhaa wa Ulaya waliitazama ndoa ya bandarini kama starehe ya baharia. Tafsiri hiyo ni nyepesi mno, kwani wakwe ndio waliokuwa wadhamini wake na ghala lake.

Ni sharti iongezwe kwamba si kila aliyeingia nyumba hizo aliingia kwa hiari. Majahazi yaliyobeba mtama na boriti ndiyo yaliyobeba pia watumwa kutoka Kilwa Kivinje kwenda Unguja, na masuria walikuwa sehemu ya nyumba nyingi za matajiri, hata baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa mwaka 1873 uliopiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini.

Mwaka mmoja kabla ya mkataba huo, meli za moshi za kampuni ya British India zilikuwa zimeanza kupeleka barua na abiria Unguja kwa ratiba isiyongoja upepo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliivuta biashara ya bara kwenye bandari hiyo moja, na vituo vya kati vikapungukiwa. Tanga halikutoweka kwa ghafla: Alan Villiers, aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, alikuta boriti za delta ya Rufiji zingali shehena yenye faida, na A. H. J. Prins alichapisha utafiti mzima juu ya ubaharia wa Lamu mwaka 1965. Siku hizi wanaokodi jahazi Lamu kwa safari ya bandari kwa bandari aghalabu ni watalii, wengi wao mtu na mwenzake, nao hupelekwa Shela, Manda na magofu ya Takwa, ambayo njia yake hupita katikati ya mikoko na huwa haipitiki kwa chombo ila maji yakijaa.