Tarumbeta ya Pili

Shangazi aliponipigia simu Jumapili usiku nilijua ni mambo ya pesa, ila sikujua ni pesa za tarumbeta. "Wewe ndiye ulifika chuo kikuu, nisaidie kuchagua," akasema. Nilifika, ndiyo, nikatoka mwaka wa pili karo ilipokwama, na sehemu ya hiyo karo ilikuwa jasho lake. Safari hii amepata shilingi 40,000 za chama. Mwanawe, kidato cha pili, amechoka na kile chombo cha bei rahisi anachopuliza kwenye bendi ya shule, pistoni ya pili ikinata kila wimbo ukikolea. Sikutaka kumpotezea mara ya pili.

Basi nikafanya kazi ninayoijua: nikarudi kwenye historia.

Johannesburg, miaka ya hamsini. Hugh Masekela yuko St. Peter's, shule ya bweni ya wamishenari wa Kianglikana pale Rosettenville, na ni mtundu wa kuchosha walimu. Ametazama filamu ya mwaka 1950, Young Man with a Horn, Kirk Douglas akiwa mpiga tarumbeta. (Kumbe anayesikika ni Harry James, Douglas anaigiza tu.) Padri Trevor Huddleston, Mwingereza aliyesimamia shule, akamuuliza anataka nini hasa. Kijana akasema tarumbeta. Akiipata hatasumbua mtu tena.

Huddleston akamnunulia moja dukani. Wasimulizi wengi hukimbia hapa ili wafike kwa Louis Armstrong, lakini mimi nilikwama hapa siku tatu. Tarumbeta ile ya kwanza haikuwa na jina la kutisha. Padri alimtafutia mwalimu pia, mzee aliyejulikana kama Uncle Sauda, kutoka bendi ya manispaa ya Waafrika. Wavulana wengine nao wakaja kudai vyombo, Jonas Gwangwa akapata tromboni, na hivyo ndivyo Huddleston Jazz Band ilivyozaliwa.

Huddleston alikuwa akiupinga ubaguzi waziwazi, na mwanzoni mwa 1956 wakuu wa shirika lake walikuwa wameshamwita arudi Uingereza. Akiwa Marekani alikutana na Armstrong, akamsimulia habari za vijana wake. Armstrong akawatumia tarumbeta yake mwenyewe. Naye alikuwa anajua hiyo hadithi kutoka ndani: mwaka 1913, akiwa kwenye nyumba ya kurekebisha watoto huko New Orleans, ndiko alikofunzwa korneti na Peter Davis. Iko picha ya Alf Kumalo: Masekela ameruka hewani, tarumbeta mkononi, kicheko mpaka magego. Mwaka huohuo shule ilifungwa. Wamishenari walikataa kuiendesha chini ya sheria ya elimu ya Kibantu ya 1953.

Sasa hesabu na mimi. Tarumbeta ya Armstrong ilimkuta kijana ambaye tayari ana mwalimu, ana bendi, ana midomo iliyozoea kuuma. Ingekuja kwanza, ingekuwa pambo la kabati.

Jumamosi tukaenda mjini na binamu. Muuzaji akatuletea mpya, inang'aa kama sufuria ya harusi, shilingi 39,000, jina halijulikani popote. Halafu akatoa Yamaha ya mtumba, rangi imebanduka, kengele imebonyea kidogo, 31,000. Nilichungulia bomba la kuanzia mdomoni kama lina madoa mekundu, maana hayo ni shaba inayooza kutoka ndani. Safi. Nikavuta slaidi ya pistoni ya pili bila kubonyeza kitu, ikatoa mlio wa "po!" Ile mpya ilichomoka kimyakimya, hewa inavuja. Nikamwambia kijana apulize noti moja ndefu kwenye kila moja, mimi nimegeukia ukuta. Sikuhitaji kuuliza ipi ni ipi.

Tukabaki na 9,000. Hizo ni za mwalimu, yule mzee wa bendi ya kanisa anayefundisha Jumamosi.

Shangazi aliigeuza mara mbili, akakwaruza kwa ukucha pale palipobonyea.

"Na hii mitumba ndiyo umenichagulia?"

Nikamwambia asubiri kijana apake pistoni mafuta.