Msaada wa kisheria katika kesi za madai (Tanzania)

Huduma ya kisheria bila malipo kwa mtu asiyeweza kumlipa wakili. Sheria ya mwaka 1969 ilihusu mashauri ya jinai tu. Madai yaliingizwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya 2017. Kigezo kikuu ni kipato kisichotosha kumlipa wakili binafsi, ingawa maslahi ya haki yanaweza kumwingiza na mwingine.

Kwa mjane wa Mbagala, wilayani Temeke, anayegombea nyumba ya marehemu mumewe na mashemeji, kipato hicho mara nyingi hupimwa kwa maswali ya kawaida (unafanya kazi gani, una wategemezi wangapi) na barua ya serikali ya mtaa. Mirathi yenyewe husikilizwa katika Kituo Jumuishi cha Temeke, kituo cha mahakama cha mashauri ya familia. Mzigo wa madai kwa kweli hubebwa zaidi na asasi kuliko hazina. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kwa mfano, kina ofisi ya msaada Kinondoni. Katika asasi hizo, msaidizi wa kisheria (paralegal) hushauri na kuelekeza, lakini haruhusiwi kusimama mahakamani kama wakili wala kutoza ada.